Ufukwe wa Shule ya Msingi Isalamwa

Ukiitafuta nchi ya Hewala kwenye ramani utachoka bure, kwa sababu ramani yake imo mezani kwa ofisa mmoja tangu mwaka wa uhuru, inasubiri sahihi. Lakini nchi ipo na watu wake wapo, wapole, wasikivu, wenye desturi nzuri ya kuitikia "hewala" kabla hawajasikia wameambiwa nini. Ina milima miwili, reli moja isiyo na treni na mawaziri arobaini na wanane. Bahari haina. Bahari ya karibu iko nchi mbili mbele yake, mwendo wa siku nne kwa basi zima.

Mwaka huo Waziri wa Elimu, Maarifa na Mengineyo, Mheshimiwa Kalabwe Mpondezi, alisafiri kwenda kwenye kongamano la elimu katika nchi moja ya pwani. Kongamano lilikuwa la siku mbili, yeye akakaa kumi na moja ili alielewe vizuri. Asubuhi moja, akiwa kibarazani mwa hoteli na dafu mkononi, aliwaona watoto wa shule wakishuka ufukweni na mwalimu wao. Walivua viatu, wakaokota makombe na kuyahesabu, wakachora pembetatu mchangani kwa vidole, wakapima nyayo zao kwa rula na kubishana ni mguu wa nani mkubwa. Mheshimiwa aliwatazama mpaka dafu likaisha, akaagiza jingine. Waliokuwa naye wanasema aliguswa kwelikweli, na hakuna sababu ya kuwabishia.

Aliporudi nyumbani alitoa Waraka Namba Saba. Waraka ulieleza kwamba utafiti wa kina umethibitisha mtoto hujifunza vizuri zaidi akiwa ufukweni. Kwamba kuanzia muhula ujao kila shule ya msingi nchini itafundisha ufukweni siku zisizopungua tatu kwa wiki. Na kwamba shule isiyo na ufukwe itapatiwa ufukwe ndani ya siku tisini. Katibu Mkuu wa wizara, mtu mwenye adabu aliyekaribia kustaafu, aliomba dakika moja ya faragha akamkumbusha Mheshimiwa kwamba Hewala haina bahari.

"Bahari ni suala la wizara nyingine," alijibu Mheshimiwa. "Sisi tunashughulikia ufukwe."

Katibu Mkuu alihamishiwa Idara ya Nyaraka. Bado yupo huko, anapanga mafaili kwa rangi.

* * *

Waraka ulifika Isalamwa umekunjwa mara nne mfukoni mwa kondakta wa basi. Isalamwa ni kijiji cha nyanda kavu, na mwalimu mkuu wa shule yake alikuwa Mwalimu Nyamizi Kalugendo, mwanamke wa miaka arobaini na mitatu, mrefu, mwenye sauti ndogo ambayo watoto walinyamaza ili waisikie. Shule ilikuwa na walimu watatu, kwa hiyo mbali na ukuu alifundisha hesabu darasa la nne. Darasa hilo lilikuwa na kuta nne nzuri na halikuwa na paa. Upepo ulilichukua paa miaka sita nyuma, na kila mwaka tangu hapo Mwalimu Nyamizi aliandika barua kuomba mabati thelathini, na kila mwaka alijibiwa kwamba barua yake imepokelewa. Majibu yote sita aliyahifadhi kwenye kopo la maziwa ya unga.

Aliusoma waraka mara mbili akadhani umepotea njia. Akaandika kwa unyenyekevu kwamba shule yake haina bahari, na kwamba kama ni kusomea nje, darasa la nne limekuwa likisomea nje kwa miaka sita bila kusumbua wizara. Safari hii jibu lilikuja ndani ya wiki moja, jambo lililomtia hofu zaidi kuliko waraka wenyewe. Aliambiwa aambatanishe uthibitisho wa kutokuwa na bahari, uliogongwa muhuri na Mamlaka ya Bahari. Alikwenda mpaka wilayani kuulizia mamlaka hiyo. Karani alimweleza kwa upole kwamba haijawahi kuundwa, kwa kuwa nchi haina bahari.

"Basi niandikie hivyo hivyo," Mwalimu Nyamizi alisema, "kwamba nchi haina bahari."

Karani alisikitika. Hilo, alisema, ni la Mamlaka ya Bahari peke yake.

* * *

Siku ya themanini na saba mkandarasi aliingia Isalamwa na matipa matano na kijiko, lile tingatinga lenye mkono mrefu wa kuchotea. Mkandarasi huyo alikuwa ameshinda zabuni ya fukwe zote za nchi, na ilikuwa bahati njema tu kwamba dada yake ameolewa na Mheshimiwa Mpondezi. Kwa kuwa ufukwe ni mchanga, na mchanga wa karibu ulikuwa mtoni, alikwenda mtoni.

Mto Lukumbi hutiririka miezi miwili kwa mwaka. Miezi kumi iliyobaki ni njia pana ya mchanga mweupe, na mgeni akipita hapo atadhani mto umekufa. Wenyeji wanajua maji yamo chini ya mchanga, yamejificha jua. Mwanamke huchimba kwa bakuli, mkono ukizama hadi kiwiko huanza kuona unyevu, hukaa pembeni akazungumza na wenzake, na shimo hujaa polepole maji safi, baridi. Hilo ndilo lilikuwa tangi la Isalamwa.

Mwalimu Nyamizi aliyajua hayo. Maji hayo ndiyo aliyoyanywa kila siku. Alimwuliza msimamizi wa matipa watachota kiasi gani, naye akamhakikishia kwamba wanakwangua juu tu. Kisha akampa fomu ya kutia sahihi. Fomu ilikuwa na kurasa nne, na kwenye ukurasa wa tatu, chini ya kichwa cha "Miundombinu Saidizi ya Ufukwe", kulikuwa na neno mabati. Mwalimu Nyamizi alilisoma neno hilo akaacha kusoma mengine. Aliwafikiria watoto wa darasa la nne wanaofunika madaftari kwa matumbo yao mvua ikinyesha. Akatia sahihi, kwa mwandiko wake ule mzuri.

Matipa yalikwenda na kurudi siku tatu. Yalimwaga mchanga uwanja wa mpira, goli hadi goli, tipa thelathini na moja. Baada ya mchanga likaja bango: UFUKWE WA SHULE YA MSINGI ISALAMWA. NI MARUFUKU KUOGELEA BILA KIBALI. Likaja sanduku la makombe ishirini na manne, kila moja limegongwa muhuri wa serikali ili lisichanganywe na makombe ya watu binafsi. Likaja boya la kuokolea watu, jekundu. Akaajiriwa mwokoaji wa waogeleaji, Bwana Magadula, aliyekuwa mlinzi wa shule hapo awali na ambaye maji hayajawahi kumpita magoti. Alipewa firimbi, kaptura na kiti kirefu cha ngazi.

Na mabati yakaja, wizara haikusema uongo. Yalikuwa sita, ya kumkinga Bwana Magadula na jua.

* * *

Sasa, ukweli lazima usemwe hata kama unaipendeza serikali: watoto waliupenda ule mchanga. Mwalimu Nyamizi aliwapeleka siku ya kwanza huku amekunja uso, akiwa na andalio la somo lililoandikwa kwa kutii tu. Kufika saa nne, uso ulikuwa umekunjuka wenyewe. Darasa la kwanza, waliokuwa wakigombea vipande vya chaki, sasa kila mmoja aliandika jina lake kubwa kama ng'ombe, akalifuta kwa kiganja na kuliandika tena. Darasa la nne walichora duara la hatua kumi, wakaligawa nusu, robo, thumni. Msichana mmoja, Limi, ambaye kwa miezi minne alikuwa akizitazama hesabu za sehemu kama mtu anayetazama ukuta, alisimama katikati ya robo tatu akageuka huku na huku, kisha akamwambia mwalimu, bila haraka, kwamba kumbe ile namba ya chini ndiyo inayosema duara limekatwa vipande vingapi.

Mwalimu Nyamizi alirudi nyumbani siku hiyo anaimba kidogo. Kwa miaka ishirini alifundishia ubao uliopasuka, na sasa alikuwa na ubao usioisha. Alianza kufikiri kwamba huenda Mheshimiwa ana akili, wazo ambalo lilimjia mara moja na lingekaa, kama asingefika mkaguzi.

Mkaguzi wa Fukwe wa Kanda, Bwana Hilarioni Mpuya, alikuwa mtu mwembamba, mwenye fomu ya vipengele arobaini na vinane na kalamu tatu zilizofungwa kwa uzi mmoja. Alipima mchanga kwa futi kamba, akahesabu makombe, akamtaka Bwana Magadula apulize firimbi, akampa alama tano kwa tano. Alipofika kipengele cha kumi na moja alisimama, akainua macho kuelekea upeo wa macho, palipokuwa na mbuzi.

"Sioni mawimbi," alisema.

Mwalimu Nyamizi alikiri kwamba hayapo. Bwana Mpuya alieleza kwamba shule ikipata sifuri kwenye mawimbi inafutiwa usajili, lakini yeye si mtu mbaya, na wizara pia si mbaya. Ukisoma kipengele cha kumi na moja (b) utaona kwamba mawimbi yanaweza kuwa ya asili au mbadala. Mwalimu aliuliza mbadala ni nini. Bwana Mpuya aliangalia pande zote, akaona darasa la nne limekaa kimya kwa nidhamu, akasema watoto hawa wana urefu unaofaa sana.

Kwa hiyo darasa la nne wakawa mawimbi. Wanafunzi kumi na wanne walishika vitambaa vya buluu, wakapiga magoti ukingoni mwa mchanga, na kila darasa jingine lilipokuwa na kipindi wao waliinuka na kuinama, kuinuka na kuinama, wakisema "shwaaa". Limi alikuwa wimbi la tatu kutoka kushoto. Sehemu zake ziliishia kwenye robo tatu, maana mawimbi hayana kipindi cha hesabu. Baba mmoja alifika shuleni kuulizia maendeleo ya mwanawe, akajibiwa na mwalimu wa zamu kwamba mtoto anaendelea vizuri, yeye ni wimbi. Baba alisema hewala, akaenda zake.

* * *

Mheshimiwa Mpondezi alikuja mwenyewe mwezi wa tatu wa mradi, kwa magari kumi na saba. Alikuja na mgeni, mama mmoja wa shirika la nje lenye kupenda elimu. Mheshimiwa alivua viatu, akakunja suruali mpaka katikati ya muundi, akasimama mchangani miguu imeachana kama mtu anayeogopa kusombwa.

"Wananchi wa Isalamwa," alisema, "wapo waliosema Hewala haiwezi kuwa na fukwe. Walisoma vitabu vingi watu hao, na vitabu vikawapofusha. Nchi nyingine zilipewa fukwe na Mungu, bila jasho, bila mpango mkakati. Sisi ufukwe wetu tumeuleta kwa akili yetu. Nawauliza leo, mbele ya mgeni wetu: hiki ninachokikanyaga ni nini?"

"Hewala," waliitikia wananchi.

Mawimbi yaliinuka na kuinama. Mgeni alipiga picha nyingi, kisha akauliza kupitia mkalimani, kwa heshima tu, bahari iko upande gani. Mheshimiwa hakubabaika. Alieleza kwamba maji yamekupwa na yatajaa saa kumi alasiri. Saa tisa na nusu magari yote kumi na saba yalikuwa yameshaondoka.

Kabla ya kuondoka, Mheshimiwa alimkabidhi Mwalimu Nyamizi cheti cha Mwalimu Mkuu wa Ufukwe Bora, akamnong'oneza kwamba jina lake limependekezwa kuwa Mratibu wa Fukwe wa Kanda. Kazi hiyo ilikuwa na ofisi mjini, na nyumba, na ndani ya nyumba mabomba yanayotoa maji jikoni na bafuni. Barua ya uteuzi ingefika mwisho wa muhula, ukaguzi wa mwisho ukishapita salama. Mwalimu Nyamizi alishika cheti kwa mikono miwili. Alilifikiria lile bomba la jikoni jioni nzima, na haikuwa dhambi.

* * *

Wiki iliyofuata wimbi la tatu halikuonekana. Siku ya pili halikuonekana tena, na wimbi la saba na la kumi yalikuwa yanasinzia yakiwa yamepiga magoti. Mwalimu Nyamizi aliuliza sababu, akaambiwa Limi amekwenda maji. Akauliza maji ya wapi yanayochukua siku nzima.

Jibu lilikuja kwa miguu yake. Mama Kashindye, mwenyekiti wa kamati ya shule, alikuwa mfyatua matofali, mwanamke mpana mwenye mikono ya udongo na maneno machache. Aliingia ofisini bila kubisha hodi, akakiangalia cheti kilichotundikwa ukutani, akamwomba mwalimu waende wote mtoni.

Mto Lukumbi ulikuwa mwamba. Mchanga wa goti na wa kiuno, ule wa miaka yote, ulikuwa umebaki unene wa kidole hapa na kiganja pale, na chini yake jiwe la kijivu lilitoa joto kama kikaango. Mashimo ya wanawake yalikuwepo bado, makavu, mengine na alama za kucha pale walipofika kwenye mwamba wakajaribu kuendelea. Mama Kashindye alieleza kwamba sasa wanakwenda Ng'wande, kilomita kumi na moja, na wanaondoka na mabinti ili ndoo ziwe nyingi. Tanuri lake la matofali lilikuwa limezimwa mwezi mzima. Watoto wawili wa jirani yake waliharisha kwa maji ya dimbwi, wakalazwa zahanati siku nne. Mmoja bado hajaweza kusimama vizuri.

Mwalimu Nyamizi alitaka kusema jambo kuhusu msimamizi wa matipa, na kuhusu kukwangua juu tu. Mama Kashindye hakumpa nafasi.

"Maji yetu umeyaanika uwanjani, mwalimu," alisema. "Kwa sahihi yako. Nimeiona."

Walirudi kijijini, huyu mbele, yule nyuma. Usiku huo mwalimu hakuyagusa maji.

* * *

Hewala ni nchi yenye taratibu, na Mwalimu Nyamizi alizifuata zote. Alianza Wizara ya Maji, akaambiwa kwamba wao wanahusika na maji, na alichokilalamikia yeye ni mchanga. Wizara ya Madini ilikubali kwamba mchanga ni wao, ila ukishamwagwa na kuwekewa bango huacha kuwa mchanga, huwa ufukwe. Wizara ya Elimu, Maarifa na Mengineyo ilimkumbusha kwamba ufukwe ni mali ya umma, na mtu yeyote atakayeupunguza hata kwa gao moja la mkono atashtakiwa kwa kuhujumu elimu. Walimpongeza tena kwa cheti.

Alibaki na muhula mmoja, barua ya uteuzi njiani, na kijiji kisichomwamkia. Jumamosi moja alikaa ofisini kuandaa azimio la kazi la muhula wa tatu. Alifungua Muhtasari wa Elimu ya Ufukweni, kitabu kinene ambacho wizara ilikinakili kutoka ile nchi ya pwani kwa haraka iliyoacha jina la nchi hiyo ukurasa wa kwanza na picha ya rais wao ukurasa wa pili. Alifunua kivivu mpaka mada ya tisa. Hapo akasoma. Akasoma tena, kidole chini ya mstari kama mtoto wa darasa la kwanza.

Mada ya tisa ilikuwa Mmomonyoko wa Fukwe. Muhtasari ulisema: "Mwanafunzi ashuhudie kwa vitendo jinsi mchanga unavyoondoka ufukweni na kwenda kutuama mahali pengine. Vipindi thelathini na sita. Zana: ndoo, koleo, mikono, na rasilimali zinazopatikana katika jamii." Na pembeni, kwa wino mzito: mada hii ni ya lazima, mwalimu atakayeiruka atachukuliwa hatua.

Mwalimu Nyamizi alifunga kitabu akakaa. Alijua akifundisha mada hiyo vizuri, mjini hatakwenda. Alijua pia kitu kingine, na hicho ndicho kilichomchelewesha pale kitini zaidi ya nyumba na mabomba yake: angewanyang'anya watoto ubao usioisha, na kuwarudisha kwenye kuta nne zisizo na paa. Alikaa mpaka jua likahamia dirisha la pili. Kisha akachukua kalamu akajaza azimio la kazi, safu kwa safu, bila kuruka hata moja.

Jumatatu alikwenda kwa Mama Kashindye. Alibisha hodi, akakaribishwa kwa ubaridi, akaeleza kwamba shule inaomba rasilimali zinazopatikana katika jamii. Mama Kashindye aliuliza ni zipi hizo. Mwalimu alisema mikokoteni ya ng'ombe, yote iliyopo. Mama Kashindye aliomba asomewe mada ya tisa. Akasomewa. Akaomba arudiwe pale penye mikono.

"Na mimi kwenye somo hili ni nani?" aliuliza.

"Wewe ni mkondo wa bahari," alisema Mwalimu Nyamizi.

* * *

Mmomonyoko ulianza Jumatano saa mbili asubuhi, baada ya gwaride. Darasa la kwanza walibeba kwa mabakuli, la pili kwa ndoo ndogo, la tano na la sita walijaza mikokoteni kwa koleo. Mawimbi ya darasa la nne yalipandishwa cheo: yalilaza vitambaa vya buluu chini, yakavijaza mchanga, yakavishika pembe nne na kwenda navyo mpaka mtoni. Mkondo wa bahari ulitembea mbele ya ng'ombe, na fimbo begani. Wazazi walikuja siku ya kwanza kutazama, siku ya pili wakaja na majembe. Kila asubuhi mwalimu aliandika ubaoni lengo la somo, na kila mchana watoto waliandika daftarini walichoshuhudia, na kupiga hesabu: mkokoteni mmoja ni ndoo ngapi, tipa moja ni mikokoteni mingapi, na robo tatu ya ufukwe itakuwa imekwisha siku gani. Limi alikuwa wa kwanza kutoa jibu, akakosea kwa siku moja.

Bwana Magadula alipuliza firimbi asubuhi ya kwanza, kwa kuwa aliajiriwa kuulinda ufukwe. Mwalimu Nyamizi alimwonyesha mkataba wake, unaosema analinda waogeleaji. Bwana Magadula aliusoma, akatafuta waogeleaji kwa macho, akashuka ngazi akachukua koleo.

Siku moja kabla ya kipindi cha thelathini na sita, Bwana Hilarioni Mpuya alifika kwa ukaguzi wa mwisho. Alikuta uwanja wa mpira, bango, kiti kirefu, na Bwana Magadula akifagia. Alitoa futi kamba, akairudisha. Akiandika kwamba ufukwe umepotea, angeulizwa ulipotea akiwa mkaguzi nani.

Mwalimu Nyamizi alimwekea mezani muhtasari, azimio la kazi, maandalio ya masomo thelathini na matano na rundo la madaftari. Mkaguzi alisoma kwa muda mrefu, midomo ikicheza. Halafu akaomba kumhoji mwanafunzi mmoja, akaletewa Limi.

"Mmomonyoko wa ufukwe ni nini?" alimwuliza.

"Ni mchanga kurudi kwao," alisema Limi.

"Na nani aliyeurudisha?"

Limi alimtazama mwalimu wake, akatazama dirishani. Mama Kashindye alikuwa anapita na mikokoteni mitatu ya mwisho, vumbi mpaka magotini, akainua mkono kumsalimia mgeni.

"Mkondo wa bahari," alisema Limi. "Ule pale."

Bwana Mpuya aliutazama mkondo ukipita mpaka ukaishia nyuma ya jengo. Alitafuta kwenye fomu yake, akakuta kipengele cha thelathini na tisa: "Je, mada ya mmomonyoko imefundishwa kwa vitendo?" Akaandika kumi kwa kumi. Kwenye kipengele cha kwanza, kinachouliza kama shule ina ufukwe, aliandika hapana, na kwa kuwa maswali mengine yote yalitegemea hilo, alifunga kalamu zake tatu akaenda nyumbani mapema.

* * *

Barua ya uteuzi haikufika Isalamwa. Mratibu wa Fukwe wa Kanda ni Bwana Hilarioni Mpuya, na inasemekana nyumba ni nzuri na mabomba yanatoa maji siku nyingi za wiki. Mwalimu Nyamizi aliletewa barua ya onyo kwa kusimamia shule isiyo na ufukwe, na siku hiyo hiyo barua ya pongezi kwa kuongoza taifa katika mmomonyoko. Zote mbili alizitia kwenye kopo la maziwa ya unga, ambalo sasa halifungiki. Mheshimiwa Mpondezi amehamishiwa Wizara ya Ulinzi, anakoandaa jeshi la majini.

Mvua zilinyesha miezi yake miwili. Lukumbi ulijaa, ukatiririka, ukakauka, na mchanga ukabaki umetulia kitandani mwake. Si wote, mwingine ulisombwa kwenda chini, na wanawake wanasema itachukua mvua mbili tatu kina kirudi kama zamani. Darasa la nne bado halina paa. Kwa sababu hiyo, kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, Mwalimu Nyamizi huwachukua wanafunzi wake na kwenda nao mtoni, mwendo wa dakika kumi na tano. Huvua viatu walio navyo. Hakuna bango, hakuna kibali, na kwenye orodha ya wizara Isalamwa imeandikwa miongoni mwa shule zilizoshindwa kufundishia ufukweni.

Ijumaa ya kwanza ya kiangazi somo lilikuwa ujazo. Walichimba shimo kwa mabakuli, wakipokezana, mpaka mkono wa Limi ukazama hadi kiwiko na bado hakuna kitu. Wakachimba tena, ukazama hadi karibu na bega. Akautoa, vidole vimeshika mchanga uliokolea rangi kwa unyevu. Mama Kashindye alikuwa amesimama ng'ambo na ndoo yake. Limi alisimika rula chini ya shimo, akalala kifudifudi, kidevu mchangani, na darasa zima likalala kumzunguka. Mwalimu Nyamizi alishika saa. Mtoto mmoja alitaka kusema kitu, wakamnyamazisha.

"Milimita mbili," alisema Limi. Akasubiri. "Tatu."

"Andikeni," alisema mwalimu.